Boti Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Ipo nchi moja, wala usiulize iko wapi, ambayo kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilifutwa, na jipya limeshachorwa kwenye mabango, ila mabango yenyewe yamefunikwa shuka mpaka apatikane mkubwa wa kuyafunua. Wananchi hawalalamiki. Kwao kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe: aje mgeni rasmi, apigiwe ngoma, atoe nasaha, akate utepe, ndipo watu waruhusiwe kukitumia. Wana daraja zuri ajabu lililokamilika zamani, lina utepe mwekundu huku na huku, na watu huvuka mto chini yake, nguo kichwani, wakilisifia. Shule moja ya msingi ina choo kipya ambacho bado hakijapata mgeni. Watoto wamefundishwa kujibana, na somo hilo wanalifaulu kuliko hesabu.

Sisemi ni ujinga. Mimi ni nani hata niseme? Nasimulia tu.

Nje kidogo ya mji mkuu wa nchi hiyo upo mtaa unaoitwa Mlima Raha. Uko bondeni. Jina hilo aliupa dalali aliyeuza viwanja, ambaye yeye mwenyewe alikwenda kujenga kwingine. Ni mtaa wa watu waungwana, wa mageti ya chuma na maua ukutani, walimu wastaafu na makarani na wenye maduka, watu waliojinyima nusu ya umri wao ili wapate sebule yenye vigae. Nyumba ya mwisho kabisa, pale barabara inapokomea kwenye mfereji mkubwa, ilikuwa ya Bi. Mbuke na mumewe, Mzee Luhende.

Mzee Luhende aliendesha treni maisha yake yote. Alikuwa pande la mtu. Alipostaafu kiharusi kikampiga, kikachukua upande mmoja wa mwili na karibu maneno yote, kikamwachia moja tu, nalo ni jina la mkewe. Akiwa na njaa aliita "Mbuke." Akitaka kugeuzwa, "Mbuke." Akifurahi, "Mbuke" vilevile, na mkewe alijua kila moja lina maana gani. Bi. Mbuke mwenyewe ni mwembamba kama ufito. Kila wingu lilipotanda aliutazama mfereji, kisha akamtazama mumewe, na swali lilikuwa lilelile: maji yakija, huyu nitamtoaje?

*

Ikatoka amri kwamba kila mtaa uunde Kamati ya Maandalizi ya Maafa na uwe na ghala lake la vifaa vya dharura. Amri nzuri, nani angeipinga? Shida ni kwamba Mlima Raha hakukuwa na mtu aliyewahi kuandaa maafa. Lakini hakukuwa na mtu mzima ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Kwa hiyo wakamchagua Bwana Kachenje awe mwenyekiti, mtu aliyekwisha kuongoza harusi zisizo na idadi. Zote zilifana, ingawa ndoa zenyewe nyingi zimeshavunjika.

Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi.

"Ndugu wajumbe," alisema Bwana Kachenje, "maafa ya mwaka huu tunavaa nini?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kina mama walitaka damu ya mzee, kina baba wakasema rangi hiyo inakuza tumbo. Wakakubaliana dhahabu na kijani. Wakaja kwenye hema, viti vya kuvalishwa vitambaa, mapambo, mpiga picha na kwaya. Mjumbe mmoja akauliza maafa yatakuwa tarehe ngapi, maana mtaa wa pili wasije wakayaweka siku hiyohiyo wakawagawanya wageni. Swali likaonekana la maana sana, likapewa kamati ndogo.

Bi. Mbuke akanyoosha mkono, akasimama.

"Mwenyekiti, mimi naomba tununue boti. Mfereji ukifurika, sisi wa kule chini hatutoki. Na mimi nina mgonjwa ndani, hawezi hata kukaa."

"Hoja yako nzuri mno, Bi. Mbuke," alisema Bwana Kachenje kwa upole wote. "Tutaiweka kwenye mengineyo."

Mengineyo yalipofikiwa, watu walikuwa wameshashika sahani za pilau. Boti ingefia pale pale, kama si Chombeza, emsii wa mtaa, aliyepiga kelele na paja la kuku mkononi: "Jamani, boti! Hebu fikirieni mgeni rasmi amesimama kwenye boti, kavaa miwani. Picha hiyo itatoka magazeti yote!" Vigelegele vikalia. Boti ikapita bila kupingwa.

Na kweli ikanunuliwa, sitaki kuwasingizia watu. Ikanunuliwa boti ya injini, na makoti ya kuelea, kamba, mablanketi, machela na makasha ya dawa. Siku ilipoletwa Bi. Mbuke alikwenda mpaka ghalani akaishika ubavu kwa kiganja, akahakikisha ni boti kweli. Akarudi mbio kumwambia mumewe. Mzee Luhende akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, akasema, "Mbuke." Usiku ule mwanamke alilala usingizi ambao hakuupata tangu kiharusi kilipoingia nyumbani kwake.

Asubuhi yake boti ikafungwa utepe.

Waliizungusha utepe wa dhahabu toka mbele hadi nyuma, wakautia fundo kubwa lenye masikio, na mlangoni pa ghala wakaweka mgambo wawili wenye virungu. Juu yao wakatundika kitambaa chenye maandishi makubwa: MGENI RASMI NJOO, WENYEJI TUPONE. Kisha wakakaa kumsubiri Mheshimiwa Waziri wa Maafa, Sherehe na Itifaki.

Mheshimiwa alikuwa na shughuli nyingi. Mwezi wa kwanza alikuwa akizindua mkakati wa uzinduzi. Mwezi uliofuata serikali ilinunua Mkasi Mkuu wa Taifa, uliopakwa maji ya dhahabu, wa kukatia tepe zote nchini, na huo nao ilibidi uzinduliwe. Hapo mambo yakakwama. Wataalamu walikaa hotelini wiki nzima wakijadili utepe wa mkasi mpya ukatwe na mkasi gani, maana ukikatwa na ule wa zamani ni dharau, na ukijikata wenyewe ni kujipendelea. Boti ikaendelea kung'aa ghalani. Bi. Mbuke alipouliza aliambiwa subira yavuta heri.

*

Mvua haikusubiri. Ilianza usiku wa kuamkia Alhamisi, na kulipopambazuka mfereji ulikuwa umepanda kwenye barabara kama mtu aliyechoka kukaa chini. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamesema mapema. Wizara ikawajibu kwamba utabiri wao ulitolewa kabla haujazinduliwa.

Maji yalipofika magotini ndani ya nyumba, Bi. Mbuke alimwita jirani yake Shekalaghe, fundi wa magari, mtu wa miraba minne. Wawili hao wakamnyanyua mgonjwa na godoro lake wakampandisha juu ya meza ya kulia. Kumbeba nje haikuwezekana. Mkondo ulikuwa na nguvu, na mzigo ule ungewazamisha wote watatu.

"Nenda kalete boti, mama," alisema Shekalaghe. "Mimi nabaki naye. Simwachi."

Bi. Mbuke akaushika uso wa mumewe. "Nakuja sasa hivi, baba. Boti ipo."

"Mbuke," alisema Mzee Luhende. Hilo lilikuwa la kumwambia awe mwangalifu.

Alipanda kilima kidogo lilipokuwa ghala akiwa amelowa mpaka kifuani. Bwana Kachenje alikuwepo, ndani ya suti ya kamati, mwavuli juu.

"Shikamoo, Bi. Mbuke. Poleni na mvua."

"Nipe boti, Mwenyekiti. Mume wangu yuko majini."

"Boti ipo, mama. Ni yako, ni yetu sote. Ila si unajua haijazinduliwa?"

"Basi izindue wewe! Una mikono!"

"Mimi?" Bwana Kachenje alishtuka, akatazama nyuma asije akawa amesikiwa. "Mama yangu, mimi nina cheo gani? Unataka kesho nilale wapi? Hebu tulia, napiga simu."

Akapiga. Akainama alipokuwa anaongea, ingawa aliyekuwa upande wa pili hamwoni. Alipomaliza uso wake ulimeremeta. "Una bahati kubwa, Bi. Mbuke! Mheshimiwa alikuwa aje wiki ijayo. Nimewaambia kuna maji ya kweli, wamesema mazingira yanaruhusu picha. Anakuja leo hii!"

Bi. Mbuke aliwavamia mgambo. Alikamata kitasa cha mlango kwa mikono miwili, na ilibidi wambandue kidole kimoja kimoja. "Mama, usinitafutie matatizo," alisema mmoja wao, na huyo alikuwa na umri wa mwanawe wa mwisho. "Huu utepe nimekabidhiwa mimi." Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa cha kijani. Watu wengine wa kule chini walikuwa wameanza kufika, wametapakaa tope, wengine na watoto mgongoni, na kila mmoja alikuwa ameacha kitu au mtu nyuma. Wakaonyeshwa viti. Wakakaa.

Hapo mimi hasira hunipanda kila ninaposimulia. Wakakaa! Walikuwa zaidi ya mia, mgambo ni wawili, na mlango ni wa mbao. Lakini hebu niambie wewe unayewacheka: ungesimama? Mara ya mwisho ulisimama lini?

Ilikuwa saa sita mchana msafara ulipoingia. Watoto wa shule walishapangwa mvuani kuimba. Mheshimiwa akashuka na mabuti mapya ya mpira, akasalimia safu ya mbele, akapanda jukwaani. Chombeza akakumbusha watu kwamba makofi ya leo ni ya kilo.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa, kisha akaizingatia tena upya, cheo kwa cheo, toka mkuu wa wilaya mpaka mwenye jenereta. "Ndugu wananchi! Nchi nyingine maafa huja, serikali ikafuata. Hapa kwetu serikali ilishafika, maafa yamechelewa! Makofi kwa serikali!"

Wakapiga.

"Nimesikia wapotoshaji wanasema kuna mafuriko Mlima Raha. Nimekuja na macho yangu. Yale si mafuriko. Ni maji yaliyokosa nidhamu, na tutayachukulia hatua!"

Wakapiga tena. Bi. Mbuke naye alipiga, tena kuliko wote, huku machozi yanamtoka, kwa sababu alidhani wakipiga haraka atamaliza haraka. Mheshimiwa alimwona. Moyo ukamjaa, akaongeza sehemu nyingine ya hotuba iliyohusu utoto wake.

Ikaja kwaya. Ikaja risala. Ikaja zawadi ya Mheshimiwa, mbuzi, ambaye alikuwa amelowa hataki kusogea. Ndipo Mkasi Mkuu wa Taifa ukaletwa juu ya mto wa velveti. Mkasi haukukata. Ulikuwa umetengenezwa wa kushikwa, si wa kukata, na Mheshimiwa alitafuna utepe mara ya kwanza na ya pili mpaka mlinzi wake akausaidia kwa kisu kwa chini. Vigelegele.

Bi. Mbuke alikuwa ameshafika kwenye boti. Chombeza akamzuia kwa tabasamu. "Taratibu, bibi. Wa kwanza kupanda ni mgeni rasmi."

Na akapanda, na mlinzi wake, na mpiga picha, na mkuu wa wilaya, na vijana wawili wa kuiendesha, na boti ikajaa. Hawakwenda kule chini kwenye mkondo, kulikuwa na hatari. Walikwenda kuzunguka uwanja wa mpira, ambako maji yalikuwa yametulia na mwanga ulikuwa mzuri. Waliuzunguka mara moja, na mpiga picha akaomba warudie kwa sababu Mheshimiwa alikuwa amefumba macho.

*

Boti ilipofika kwenye nyumba ya mwisho, maji yalikuwa yamepita vizingiti vya madirisha. Shekalaghe alikuwa juu ya bati, amejikunja, meno yanagongana. Alipomwona Bi. Mbuke akaanza kulia kama mtoto, mwanamume mzima yule.

"Meza ilipinduka, mama. Nikamshika kichwa juu. Nilimshika mpaka mikono ikakataa."

Bi. Mbuke alikuwa ameshainamia dirisha.

"Alikuwa anakuita. Muda wote alikuwa anakuita wewe. Amenyamaza sasa hivi tu, vile vigelegele vilipokuwa vinalia huko juu."

Walimtoa kwa dirisha. Vijana wenye makoti ya kuelea walifanya kazi yao vizuri, lazima niseme. Injini ilikuwa na nguvu, haikusumbua hata kidogo. Ilikuwa boti bora kabisa, ingewachukua watu sita kwa mara moja. Taarifa ya habari ya jioni ilimtaja marehemu kwa jina kamili kama mnufaika wa kwanza wa boti ya Mlima Raha.

*

Sasa kamati ikaamka. Msiba hauhitaji kuzinduliwa, na Bwana Kachenje msiba aliujua kama alivyoijua harusi. Kabla maji hayajapungua vizuri hema zilishasimama, viti vimevalishwa dhahabu na kijani, sufuria ziko jikoni, jenereta inanguruma. Yale mablanketi yakatoka ghalani bila kumuuliza mtu, wakafunikwa nayo wageni wa heshima waliokuja kuhani. Chombeza akabadilisha sauti, akapata ya huzuni. Watu walikiri hawajaona msiba uliopangika namna ile.

Bi. Mbuke alikaa kwenye mkeka, anatazama viganja vyake. Viganja vile alivichukia. Wanawake walimwambia lia, mama, kulia kunapunguza. Hakulia. Kilichokuwa kifuani mwake hakikuwa kitu cha kutoka kwa machozi.

Mazishi yalipangwa saa saba. Saa saba ikapita. Jeneza lilikuwa chini ya hema, kaburi limeshachimbwa ng'ambo ya barabara, mchungaji ameshasali akamaliza, na watu wamekaa. Bwana Kachenje akachukua kipaza sauti kuwaliwaza.

"Ndugu waombolezaji, tusimuulize Mungu maswali. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Kazi yake haina makosa."

"Amina," wakaitikia.

Bi. Mbuke akainuka kwenye mkeka. Alitembea katikati ya viti mpaka mbele, akamnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti, bila purukushani, kama mtu anayechukua chombo chake.

"Kachenje, Mungu usimsingizie," alisema. "Mungu alileta mvua. Utepe mlifunga ninyi."

Bwana Kachenje akageuka rangi, akamsogelea sikioni, jasho linamtoka.

"Mama, jikaze. Usiharibu shughuli. Mheshimiwa yuko njiani, atatoa salamu za serikali. Marehemu hawezi kuzikwa kabla mgeni rasmi hajafika, itakuwa aibu. Tumsubiri kidogo tu."

Alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake, na watu wote wakasikia.

"Luhende alimsubiri akiwa hai," alisema Bi. Mbuke. "Akiwa maiti hamsubiri."

Akakiweka kipaza sauti juu ya meza ya vitambaa, akaenda kwenye jeneza, akashika mpini wa mbele. Mkono wake ulikuwa mwembamba na jeneza lile lilikuwa zito, halikutikisika. Akavuta. Akavuta tena, na hakumtazama mtu wala hakumwomba mtu. Shekalaghe akasimama. Akaja mama mmoja aliyepoteza kila kitu kule chini, akashika mpini wa pili, ingawa kwao wanawake hawabebi jeneza. Kisha vikasikika, maana jambo hili lilisikika kabla halijaonekana, viti vya plastiki vikisukumwa nyuma, safu baada ya safu. Yule mgambo kijana aliweka kirungu chini, akatia bega. Chombeza akatangaza watu wakae, itifaki haijakamilika, kila mtu arudi kwenye kiti chake. Alitangaza mara nyingi. Jeneza lilishavuka barabara.

Walimzika wenyewe, kwa sepetu na kwa mikono, na hakuna aliyeitwa kwa cheo kuja kutia udongo.

Msafara uliingia wakati kaburi linafukiwa. Mheshimiwa akashuka na suti nyeusi na shada la maua, akakuta hema, kamati, vitambaa vya dhahabu na kijani, na kipaza sauti kikiwa bado kimewashwa. Aliuliza watu wako wapi, na Bwana Kachenje akainama kunyoosha kitambaa cha kiti. Mheshimiwa akaangalia saa yake. Alikuwa na shughuli nyingine jioni ile, na hotuba ilikuwa imeshaandikwa. Akapanda jukwaani, akaanza kuvihutubia viti.

Sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara, ikiwashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi. Bi. Mbuke aliisikia. Hakugeuka, alikuwa amepiga magoti anasawazisha udongo.